Shangazi yangu hakuwa mvivu: kazi ya Dkt Hashimoto na maradhi ya tezi ya shingo

Joto la kaskazi sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Mwezi wa Februari hapa Kibokoni feni huzunguka usiku kucha na bado watu hutandika mikeka barazani. Nilipokuwa mtoto, katika joto hilo hilo, shangazi yangu alikuwa akijifunika blanketi. Sisi watoto tulicheka. Wakubwa hawakucheka, walinong'ona.

Shangazi alikuwa akiuza mahamri na mbaazi, na mtaa mzima ulimjua kwa kuamka kabla ya adhana ya Alfajiri. Pole pole mahamri yakaanza kuchelewa, kisha yakawa yanapatikana siku mbili kwa wiki, kisha yakakoma. Alinenepa ilhali sahani yake ilirudi jikoni nusu haijaguswa. Sauti yake ikawa nzito na ya kukwaruza. Nywele zake zikawa zinabaki kwenye kitana. Alikuwa akisahau chungu jikoni mpaka kiungue. Mumewe alivumilia mwaka mmoja, kisha akampa talaka akisema hakuoa mtu wa kulala.

Waliompenda walisema ana jini. Wasiompenda walisema ni mvivu. Alisomewa, akanyweshwa kombe, na mganga mmoja akataka kuku mweusi pamoja na pesa ambazo babangu alilazimika kukopa. Katika zahanati alikokwenda mara tatu aliambiwa damu imepungua, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Miaka minane ilipita hivyo. Kisha daktari mmoja kijana akamtazama shingoni, akamwambia ameze mate huku yeye akiangalia, akaandika vipimo vya damu. Wiki iliyofuata shangazi alikuwa na jina la ugonjwa wake: Hashimoto.

Jina hilo lilitushangaza. Babangu alidhani ni la kampuni ya pikipiki.

Shangazi yu hai, alhamdulillah, na ameshapita miaka sabini. Nilipomuomba ruhusa ya kuandika haya alinijibu, "Andika, babangu. Lakini usiandike kwamba nilikuwa mgonjwa tu. Andika kwamba nilisingiziwa."

Mimi si daktari. Nina stashahada ya uandishi wa habari, basi. Lakini mwaka jana dadangu naye alianza kulalamika baridi na uchovu, na safari hii sikutaka kusubiri miaka minane. Tulimpeleka kupimwa, naye ana ugonjwa huo huo. Ndipo nikaketi kumsoma huyu Hashimoto, nijue aliona nini na kwa nini jina la Mjapani limeingia katika nyumba yetu. Nililolipata naona si haki kulificha, kwa sababu najua mitaani mwetu wamo kina mama wengi wanaosingiziwa kama alivyosingiziwa shangazi.

Tezi yenyewe na kazi yake

Weka kidole chako mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hapo pana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo aliyekumbatia koo. Kwa Kiswahili huitwa dundumio, na hospitalini utaisikia ikiitwa thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayoingia kwenye damu na kuuambia mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Moyo, matumbo, ngozi, nywele, ubongo, hedhi, joto la mwili, vyote vinaisikiliza tezi hii.

Homoni ikipungua, kila kitu hupunguza mwendo. Moyo hupiga taratibu. Choo hufunga. Ngozi hukauka. Mtu huhisi baridi wakati wenzake wanajipepea. Mwili hunenepa bila mtu kula sana. Hedhi huwa nyingi au huvurugika, mimba hukataa kushika au huharibika. Akili huwa nzito na huzuni huingia bila sababu inayoonekana. Ukitazama orodha hii utaona kwamba kila dalili peke yake ina maelezo yake ya mtaani: uzee, uvivu, kula sana, mawazo, kijicho. Ndiyo maana ugonjwa huu hujificha miaka mingi.

Homoni ikizidi, mambo hugeuka. Moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mtu hutoka jasho na kukonda ingawa anakula, na wengine macho huwatoka nje. Hali hii ya macho na uvimbe wa shingo tabibu wa Kiajemi wa karne ya 12, Sayyid Ismail al-Jurjani, aliiandika katika kitabu chake cha tiba, mamia ya miaka kabla ya Robert Graves wa Dublin, ambaye aliieleza mwaka 1835 na jina lake ndilo lililobaki. Namtaja al-Jurjani kwa wale wanaodhani kumpeleka mgonjwa hospitalini ni upungufu wa imani. Matabibu wa Kiislamu walikuwa wakiwatazama wagonjwa wao shingoni zamani sana.

Daktari kijana wa Fukuoka

Hakaru Hashimoto alizaliwa mwaka 1881 katika mkoa wa Mie nchini Japani, katika ukoo wa matabibu. Alisomea udaktari katika mji wa Fukuoka, katika chuo kinachojulikana leo kama Chuo Kikuu cha Kyushu, akahitimu mwaka 1907 akiwa katika kundi la kwanza kabisa la wahitimu wa udaktari pale. Alibaki hapo hapo katika idara ya upasuaji, chini ya Profesa Hayari Miyake.

Kazi iliyompa jina ilianza kwa wanawake wanne. Wote walikuwa wamefika umri wa makamo, wote shingo zao zimevimba, na wote walipasuliwa, sehemu ya tezi ikatolewa kwa sababu uvimbe uliwasumbua. Kwa daktari mwingine kazi ingeishia hapo. Uvimbe umetoka, kidonda kimeshonwa, mgonjwa arudi nyumbani. Hashimoto alizichukua zile nyama zilizokatwa akaziweka chini ya hadubini.

Kwa kawaida tezi hii ikitazamwa hivyo huonekana vifuko vidogo vidogo vilivyojaa ute wa kuhifadhia homoni. Yeye aliona jambo jingine. Tezi za wanawake wale zilikuwa zimevamiwa na chembe nyeupe za damu, zile ziitwazo limfosaiti, ambazo ni askari wa mwili wa kupambana na maradhi. Zilikuwa zimejipanga makundi makundi kama zimepiga kambi. Vifuko vya homoni vilikuwa vimeharibika, na mahali pengine pamebaki kovu tupu.

Alilinganisha alichokiona na magonjwa ya tezi yaliyokwisha kuandikwa na madaktari wa Ulaya, akaona hakifanani na lolote. Mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, alichapisha makala yake katika jarida la upasuaji la Ujerumani. Aliiandika kwa Kijerumani, kwa sababu wakati ule hiyo ndiyo iliyokuwa lugha kuu ya tiba kwa madaktari wa Japani. Aliupa ugonjwa huo jina refu la Kilatini, struma lymphomatosa, yaani uvimbe wa tezi uliojaa chembe za limfu. Hakuuita kwa jina lake mwenyewe.

Kisha alikwenda Ulaya kuendelea na masomo nchini Ujerumani, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikamrudisha. Babake akafariki mwaka 1916, naye akarudi katika mji wao wa Iga kuendesha zahanati ya familia. Akaishi kama daktari wa mji mdogo, akiwafuata wagonjwa majumbani mwao. Tarehe 9 Januari 1934 alifariki kwa homa ya matumbo, hii taifodi tunayoijua sote, akiwa na miaka 52.

Sehemu kubwa ya umri wake makala yake haikushughulikiwa sana. Wapo waliosema alichokiona ni mwanzo tu wa ugonjwa mwingine wa tezi ulioelezwa na Mjerumani Riedel mwaka 1896. Mwaka 1931 madaktari wawili wa Cleveland, Marekani, Graham na McCullagh, waliandika kwamba ni ugonjwa unaojitegemea, wakamtaja Hashimoto kwa jina. Leo jina lake linatajwa katika kila kitabu cha tiba ulimwenguni, na katika chuo alichosoma kuna njia iliyopewa jina lake.

Wapiganaji waligeukia nyumba yao

Swali ambalo Hashimoto hakulijibu ni hili: zile chembe nyeupe zilitafuta nini ndani ya tezi? Hakukuwa na kijidudu wala usaha. Askari walikuwa wamekusanyika lakini adui haonekani.

Wakati ule wanasayansi wengi waliamini kwamba mwili hauwezi kujishambulia wenyewe. Mtaalamu mkubwa wa Kijerumani, Paul Ehrlich, alikuwa ameliwekea wazo hilo hata jina la Kilatini, na wanafunzi wa tiba wakalishika kama kanuni. Jibu lilikuja mwaka 1956, karibu pande mbili za bahari kwa wakati mmoja.

Huko Buffalo, Marekani, Noel Rose na mwalimu wake Ernest Witebsky walichukua sungura, wakawadunga dawa iliyotengenezwa kutokana na tezi za sungura. Kwa kanuni ya zamani lisingetokea lolote, kwani nyama ya sungura si kitu kigeni kwa sungura. Lakini miili ya sungura wale ilitengeneza kingamwili dhidi ya tezi zao wenyewe, na tezi zao zikavamiwa na chembe nyeupe, kama zile za wanawake wanne wa Fukuoka. Huko London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walichukua maji ya damu ya wagonjwa wa Hashimoto wakayakutanisha na maji ya tezi ya binadamu. Vilipokutana vikagandana. Maana yake ni kwamba ndani ya damu ya wagonjwa mlikuwa na kingamwili zilizotengenezwa kuipiga tezi.

Hivyo ikathibitika kwamba ugonjwa huu ni mwili kujipiga wenyewe. Askari waliowekwa kulinda nyumba wanamkosea mwenye nyumba kwa mwizi. Kuanzia hapo madaktari walifungua macho, na magonjwa mengine ya namna hii yakaeleweka, ikiwemo aina ya kisukari inayowapata watoto na vijana.

Kwa nini askari wakosee? Sehemu ya jibu ni damu tuliyorithi, ndiyo maana shangazi na dadangu wamekutana katika ugonjwa mmoja. Pia huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na kwa wengine hujitokeza baada ya kujifungua. Si wa kuambukiza. Hauletwi na kula vibaya, wala uvivu, wala dhambi aliyoitenda mtu.

Kipimo na kidonge

Kipimo kikuu huitwa TSH, na nitakieleza kwa mfano wa nyumbani. Mama amemtuma mtoto dukani. Mtoto akiwa mtiifu, mama huita mara moja kwa sauti ya chini. Mtoto akizembea, mama hupaza sauti, na akizidi kuzembea mama hupiga kelele mtaa mzima usikie. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo inayoituma dundumio kazi. TSH ni sauti yake. Dundumio ikidhoofika, TSH hupanda juu. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa kipimo chako "kiko juu" halafu daktari akasema homoni yako "iko chini". Yote mawili ni kweli. Kipimo kingine hutafuta zile kingamwili zenyewe, na hicho ndicho kinachoonyesha kwamba ni Hashimoto.

Hakuna dawa inayowaambia askari wale waache vita. Lakini homoni iliyopungua inaweza kurudishwa, na hili lilijulikana hata kabla ya Hashimoto kuandika. Mwaka 1891 daktari wa Newcastle, Uingereza, George Murray, alimdunga mwanamke wa miaka 46 maji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo. Mwanamke yule alikuwa katika hali mbaya. Alipata nafuu, akaendelea na tiba, akaishi mpaka miaka 74. Leo hatuhitaji kondoo. Kuna kidonge kidogo kiitwacho levothairoksini, ambacho ni homoni ile ile iliyotengenezwa kiwandani. Hunywewa kila siku, na kwa wagonjwa wengi ni cha maisha.

Yako mambo machache ambayo nimeona watu wakiyakosea, dadangu akiwa mmoja wao.

La kwanza, kidonge hiki hutaka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chakula. Kukimeza pamoja na chai ya maziwa au kahawa hupunguza nguvu yake. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu navyo huizuia dawa isiingie mwilini, basi vitenganishwe kwa saa nne.

La pili, nafuu haiji kwa siku mbili. Kwa kawaida kipimo hurudiwa baada ya wiki sita mpaka nane, ndipo dozi irekebishwe. Dadangu alikata tamaa wiki ya pili, akataka kuacha. Mwezi wa tatu alikuwa akinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kuniuliza kwa nini bado nimelala.

La tatu, usiache dawa kwa sababu umepona. Umepona kwa sababu ya dawa.

La nne, kwa mama mjamzito jambo hili ni kubwa zaidi. Ubongo wa mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo, na mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa. Ukijua tu umeshika mimba, mwambie daktari.

La tano, usimpe jirani kidonge chako apunguzie unene. Mtu ambaye tezi yake ni nzima akila homoni hii anaweza kuuharibu moyo wake.

Na Ramadhani? Mgonjwa ambaye hali yake imetulia kwa kawaida anaweza kufunga, lakini apange saa ya dawa. Wengine huamka mapema, wakameza kidonge, kisha wakasubiri nusu saa au zaidi kabla ya kula daku. Wengine humeza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho, wasile tena mpaka daku. Chagua njia moja pamoja na daktari wako kabla ya mwezi kuandama, usibadilishe kila usiku.

Chumvi yetu na mwani wetu

Si kila rovu ni Hashimoto. Duniani sababu kubwa ya shingo kuvimba ni ukosefu wa madini ya ayodini, ambayo dundumio huyahitaji ili kutengeneza homoni. Samaki na vyakula vya baharini vinayo, lakini ardhi ya milimani mara nyingi haina, na zamani huko bara rovu lilikuwa jambo la kawaida. Ndiyo maana Kenya, tangu miaka ya 1970, iliweka sheria chumvi ya mezani itiwe ayodini. Na chumvi hiyo inatoka wapi? Inatoka kwetu, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Tukiona malori yale yakielekea Mombasa tujue yamebeba zaidi ya kiungo cha mchuzi.

Lakini Hashimoto haileti ukosefu wa chumvi, na kuongeza ayodini hakuiponyi. Nasema hivi kwa sababu siku hizi simu zetu zimejaa matangazo ya unga na mafuta ya mwani, eti ni "dawa ya thairoidi". Mwani kama unaolimwa na kina mama wa Kibuyuni kule Kwale ni riziki ya halali, nami nautakia soko zuri. Ila mwani unaweza kuwa na ayodini nyingi, na ayodini ikizidi inaweza kumzidishia mgonjwa wa Hashimoto matatizo. Uliza kabla ya kununua.

Mwisho nizungumze na wanaume wenzangu, na na masheikh wetu. Sipingi kusomewa. Qur'ani ni shifaa, nasi tunaamini hivyo. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha pia kutafuta tiba. Mkeo, mamako au dadako akibadilika, akawa mzito, akahisi baridi wakati wewe unatoka jasho, nywele zikamwanguka, usimtafutie jina baya. Mpeleke hospitalini na umuombe daktari ampime TSH. Ikitoka sawa, mtakuwa mmepunguza wasiwasi mmoja, na mtaendelea kutafuta. Sheikh anayesomea watu naye akiwaambia "nendeni mkapime kwanza, kisha mrudi" atakuwa amewafanyia wagonjwa wake hisani kubwa.

Shangazi alianza tena kuuza mahamri miezi sita baada ya kidonge cha kwanza. Ndoa yake haikurudi. Wiki iliyopita nilipita kwake baada ya Alfajiri, nikamkuta ameshawasha moto, kikopo cha dawa kiko dirishani karibu na tasbihi yake, naye hajagusa chai. "Ngoja nusu saa ipite," akanambia, "ndipo tunywe sote."